Mawe ya Kituo cha Sita

Mwaka 1897 jeshi la jenerali Mwingereza Herbert Kitchener lilitandaza reli katikati ya Jangwa la Nubia, kutoka Wadi Halfa hadi Abu Hamed, ili kukwepa pindo refu la Mto Nile na maporomoko yake. Njia nzima haikuwa na mji wala kijiji cha kuazima jina, basi vituo vikapewa namba. Kati ya hivyo, cha nne na cha sita vilibahatika: walipochimba, maji yalitoka. Ndiyo sababu zaidi ya miaka mia moja baadaye Kituo cha Sita, ambacho Wasudani wanakiita Almahata Sitta, bado kilikuwa na watu wa kushuhudia yaliyotokea alfajiri ya Jumanne, tarehe 7 Oktoba 2008.

Ilikuwa saa kumi na moja na dakika 46, na wakati huo saa za Sudan zilikuwa sawa na za Nairobi na Dar es Salaam. Waliokwisha amka saa hiyo ya swala ya alfajiri, pale kituoni na kule Wadi Halfa, waliona moto ukikata anga kwa mwendo wa roketi, kutoka magharibi kwenda mashariki, kisha ukazimika ghafla kabla haujafika chini. Nyuma yake uliachwa mkia wa vumbi uliojipindapinda juu sana, ambako miali ya jua ilikuwa imeshafika ingawa chini kulikuwa bado giza.

Mioto ya namna hii huonekana kila mwaka, mahali fulani duniani, na karibu mara zote hushtukiza. Huu haukumshtukiza kila mtu. Wakati mtu wa Kituo cha Sita anatawadha, kulikuwa na watu Arizona, Massachusetts, California na visiwa vya Kanari waliokuwa wanajua kwamba kitu kinakuja, kinakuja wapi, na kitafika dakika gani. Hilo lilikuwa halijawahi kutokea tangu binadamu aanze kuangalia nyota.

Saa ishirini na dakika chache kabla ya hapo, Richard Kowalski alikuwa zamu kwenye darubini ya mita 1.5 juu ya Mlima Lemmon, Arizona, chini ya mradi wa Catalina Sky Survey. Kazi ya mradi huo ni kupekua anga usiku baada ya usiku, kutafuta asteroidi zinazopita jirani na Dunia. Ni kazi ya subira. Eneo moja la anga hupigwa picha mara kadhaa kwa kuachanisha dakika chache, kompyuta huzilinganisha, na nukta iliyohama huletwa mbele ya mtu aiamulie. Usiku huo, saa tatu na dakika 39 asubuhi ya Oktoba 6 kwa saa zetu, nukta moja ilikuwa imehama. Kompyuta ikaibandika jina lisilotamkika, 8TA9D69, na Kowalski akatuma vipimo vyake kwenye kituo cha kimataifa cha kuhifadhi kumbukumbu za asteroidi, Cambridge, Massachusetts. Huko ikasajiliwa 2008 TC3.

Vipimo vilipomfikia Steve Chesley, mtaalamu wa njia za asteroidi katika maabara ya JPL ya NASA huko Pasadena, hesabu ilitoa jibu ambalo hakuwa amezoea kuliona: uwezekano wa kuigonga Dunia ulikuwa asilimia mia moja. Mahali, kaskazini mwa Sudan. Hapakuwa na haja ya kumhamisha mtu, kwa sababu asteroidi yenyewe ilikuwa na upana wa mita nne hivi, na kitu cha ukubwa huo humalizwa na angahewa. Kilichobaki ni kuitazama kabla haijafa. Zaidi ya vituo ishirini vya darubini, vya wataalamu na vya watu wanaofanya kwa mapenzi tu, viligeuza macho upande ule na kutuma mamia ya vipimo. Huko La Palma, katika visiwa vya Kanari, timu ya Alan Fitzsimmons wa Chuo Kikuu cha Queen's, Belfast, iliwahi kuelekeza darubini kubwa ya William Herschel na kuuchambua mwanga uliokuwa unaakisiwa na jiwe lile saa chache kabla halijaanguka. Naomba msomaji aukumbuke mwanga huo, tutauhitaji baadaye. Karibu saa moja kabla ya mwisho, 2008 TC3 iliingia katika kivuli cha Dunia na kupotea machoni mwa wote.

Waliofuata kuiona au kuisikia ni wachache, na wa ajabu kidogo. Rubani wa ndege ya KLM iliyokuwa ikipita juu ya Afrika, takriban kilomita 1,400 kutoka mahali pa tukio, alikuwa ameonywa na ofisi yake, nayo ilikuwa imeonywa na mtaalamu wa hali ya hewa wa Uholanzi. Alipunguza taa za chumba cha marubani, akangoja, akaona mimweko kwenye upeo wa macho. Setilaiti ya hali ya hewa ya Meteosat 8 ilinasa mwako wenyewe. Na nchini Kenya, mitambo ya kusikiliza mawimbi mazito ya sauti ambayo sikio la binadamu haliyapati, iliyowekwa ili kunasa milipuko ya nyuklia popote itakapotokea, ilipokea wimbi kutoka upande wa Sudan. Kwa hesabu ya wimbi hilo, nguvu ya mlipuko ilikuwa sawa na kulipua kati ya tani 1,100 na 2,100 za TNT.

Vipimo vya setilaiti vilionyesha kwamba jiwe liliingia kwa kasi ya kilomita zaidi ya 12 kwa sekunde na kupasuka likiwa bado kilomita 37 juu ya mchanga. Hapo ni juu sana kwa kimondo cha mawe. Vingi huvumilia hadi chini zaidi kabla ya kusalimu amri, kwa hiyo hili lilikuwa dhaifu, pengine lenye matundu mengi ndani. Tani zake zipatazo 80 zilikuwa zimegeuka vumbi. Ungemuuliza mtaalamu wiki ile kama kuna kipande kilichofika chini, angekuambia usijisumbue.

*

Muawia Shaddad alijisumbua. Alikuwa mwanaastronomia katika idara ya fizikia ya Chuo Kikuu cha Khartoum, na jambo la kwanza alilolifanya ni lile ambalo hakuna darubini inayoweza kulifanya: alikwenda kuuliza watu. Walioona moto ule walikuwa mashahidi wa kweli, wenye kuonyesha kwa kidole ulikotokea na ulikozimikia, na kwa kuunganisha ushahidi wao na vipimo vya setilaiti iliwezekana kuchora mstari juu ya ramani. Peter Jenniskens, Mholanzi wa Taasisi ya SETI huko California, aliungana naye mwanzoni mwa Desemba. Huyu Afrika haikuwa ngeni kwake katika mambo haya. Jina lake limo katika uchunguzi wa vimondo vilivyonyesha juu ya Mbale, Uganda, Agosti 1992, siku ambayo kijipande cha gramu chache kiligonga mgomba, kikadunda na kumpiga mvulana kichwani bila kumdhuru.

Tofauti ya Mbale na Nubia inafaa kusemwa wazi, maana ndiyo siri ya jangwa. Kimondo cha mawe karibu kila mara kina chembe za chuma ndani yake. Kikianguka kwenye shamba la migomba, mvua inaanza kukila siku hiyohiyo: chuma kinashika kutu, kutu inavimba, jiwe linapasuka, na baada ya muda linakuwa udongo kama udongo mwingine. Kimondo cha Mbozi kule Tanzania, kile cha tani zipatazo 16 ambacho wanafunzi wengi wamepelekwa kukiona, kimedumu kwa sababu chote ni chuma, tena ni pande kubwa ajabu. Cha mawe hakina ubavu huo. Jangwani mvua haba, majani hakuna, na juu ya changarawe ya rangi ya hudhurungi jiwe jeusi linaonekana kwa macho matupu. Wanafunzi wa Khartoum walikwenda miezi miwili tu baada ya mlipuko, kwa hiyo hata kile kidogo ambacho jangwa hukiharibu kilikuwa hakijaanza kuharibika.

Safari ya kwanza ilikuwa na wanafunzi na wafanyakazi wa chuo 45. Walijipanga mstari mmoja mrefu, kila mtu akiwa na nafasi kati yake na mwenzake, wakatembea kufuata njia ambayo moto ulipita hewani. Hakuna chombo kilichotumika isipokuwa macho, miguu na vipokezi vya setilaiti vya kuandika mahali. Kazi inachosha kuliko inavyosikika, kwa sababu jangwa hilo nalo lina mawe meusi ya kwake, na hakuna aliyejua kimondo hiki kina sura gani. Hakikuwa kimewahi kuonekana. Kati ya tarehe 5 na 8 Desemba waliokota vipande 15, vyote pamoja gramu 563. Mwishoni mwa mwezi wakarudi wakiwa 72. Jumla ikafika vipande 47, karibu kilo nne, vilivyotapakaa katika ukanda wa kilomita 29. Safari za baadaye ziliongeza hadi vipande kama 600, kilo kumi na ushee. Ukipiga hesabu, ni kilo moja iliyopona katika kila kilo elfu saba na mia kadhaa zilizoingia angani.

Kila kipande kilipigwa picha pale kilipolala, kikaandikiwa nyuzi zake za latitudo na longitudo, kikapimwa uzito, kikapewa namba. Vipande vidogo vililala magharibi, vikubwa mashariki, kwa sababu kipande kizito husukumwa mbali zaidi na mwendo wake kabla hewa haijakizuia. Kazi hii ya kuandika namba kwenye daftari ndiyo ninayoiona kuwa kiini cha kisa chote, ingawa magazeti ya wakati ule yaliandika zaidi juu ya darubini na NASA.

Hapa turudi kwenye mwanga wa La Palma. Makumbusho ya dunia yana makumi ya maelfu ya vimondo, na kwa karibu vyote, swali la vilitoka wapi hujibiwa kwa kubahatisha. Wanaastronomia kwa upande wao wameainisha maelfu ya asteroidi kwa rangi ya mwanga wake, wakazipa herufi, bila kuwa na uhakika herufi gani imetengenezwa kwa jiwe la aina gani. Ni maktaba mbili, moja ya juu na moja ya chini, bila orodha inayoziunganisha. Kipande cha Almahata Sitta kilipomulikwa maabara, mwanga wake ulilingana na ule ambao Fitzsimmons aliunasa wakati jiwe bado lina safari ya saa chache. Asteroidi ilikuwa ya kundi F, kundi adimu. Jiwe lilikuwa ureilaiti. Kwa mara ya kwanza kitu kilichosomwa angani kilishikwa mkononi, na makala ya Jenniskens, Shaddad na wenzao ikatoka katika jarida la Nature Machi 2009.

*

Ureilaiti ni jamii ya vimondo yenye historia ya vituko. Jina limetoka Novo-Urei, kijiji cha Urusi ambako mawe yalianguka mwaka 1886, na inasimuliwa kwamba wakulima wa hapo walikula sehemu yake. Wasichokila kilichunguzwa, na mwaka 1888 ikatangazwa kuwa ndani yake mna almasi, za kwanza kuwahi kupatikana katika jiwe la angani. Almasi zenyewe ni vumbi, hazifai kidoleni. Zimo katikati ya grafaiti, kati ya chembe za olivini na pairoksini, madini yale yale yaliyo tele chini ya ganda la Dunia. Ureilaiti, basi, ni masalia ya dunia ndogo iliyowahi kuyeyuka ndani, ikavunjwa na mgongano mkubwa katika siku za mwanzo za mfumo wetu wa jua, kisha vifusi vyake vikajikusanya upya.

Vipande vya Nubia vilikuwa ureilaiti vya ajabu hata kwa ukoo wao: vyeusi mno, vyenye vitundu vingi, vingine vikimeguka kwa kushikwa. Halafu mambo yakaanza kuchanganya. Addi Bischoff na wenzake wa Chuo Kikuu cha Münster, Ujerumani, walipopata vipande vilivyopitia mikononi mwa wafanyabiashara, waligundua kuwa vingi si ureilaiti kabisa. Kulikuwa na kondraiti, yaani mawe ambayo hayakuwahi kuyeyuka, za aina ya enstataiti, kulikuwa na kondraiti za kawaida, kulikuwa na vipande vyenye kaboni. Kwa kawaida mtaalamu akiona hivyo husema mawe haya hayahusiani, muuzaji amechanganya. Lakini yalikuwa mapya yote, hayajaguswa na kutu. Baadhi yakapelekwa katika maabara iliyo chini ya mlima wa Gran Sasso, Italia, ambako miamba huzuia mionzi ya anga isiingilie vipimo, na humo zikakutwa elementi za mionzi zinazotengenezwa angani tu na kutoweka ndani ya miezi au miaka michache. Jiwe lililolala jangwani miaka elfu haliwezi kuwa nazo. Yalianguka juzi, na lililoanguka juzi mahali pale ni moja.

Kumbe 2008 TC3 ilikuwa mseto. Mita nne za jiwe, na ndani yake vipande vya asteroidi nyingi zilizozaliwa sehemu tofauti za mfumo wa jua, zingine karibu na jua, zingine mbali, zikakutana kwa kugongana na kushikamana kwa ulegevu. Wakati wa Novo-Urei hakuna aliyewaza kitu kama hicho. Sehemu kubwa, kiasi cha robo tatu, ni ureilaiti. Iliyobaki ni wageni. Mmoja wa wageni hao anatuhusu. Ni kipande cha kondraiti inayokaribiana na kundi R, na herufi hiyo inasimama kwa Rumuruti, mji wa Laikipia nchini Kenya, ambako jiwe lilianguka Januari 28 mwaka 1934. Jiwe la Rumuruti lilipelekwa Berlin, likakaa katika makumbusho kwa miongo mingi bila kusumbuliwa, gramu 67 tu, hadi miaka ya 1990 lilipochunguzwa na kuonekana kuwa halifanani na kundi lolote lililojulikana. Hadi leo kundi zima linaitwa kwa jina la mji huo. Sidhani kama wakazi wengi wa Rumuruti wamewahi kuambiwa. Tanzania nayo ina heshima kama hiyo na kimya kama hicho: jiwe la Ivuna, lililoanguka Desemba 16 mwaka 1938, limetoa herufi I katika CI, kundi la vimondo vinavyokaribiana zaidi na jua lenyewe kwa viambato vyake, ukitoa gesi. Chombo cha Japani cha Hayabusa2 kilipoleta udongo wa asteroidi ya Ryugu mwishoni mwa 2020, jiwe lililokaribiana nao zaidi lilikuwa hilo la Ivuna na jamaa zake.

Mgeni mwingine ni kipande cha gramu 24 kilichopewa jina ALM-A. Ni jiwe la volkano, lililoganda kutoka kwenye uji wa moto juu ya uso wa ile dunia ndogo ya ureilaiti, miaka milioni 4,562 iliyopita, mfumo wa jua ukiwa bado mchanga kabisa. Kabla yake wataalamu walikuwa wakilalamika kwamba dunia hiyo ina matumbo lakini haina ngozi. Ngozi yake ilikuwa imeanguka Sudan.

*

ALM-A na vile vipande vya Bischoff vilipatikana kwa njia ya soko, na hapo pana jambo la kulizungumza kwa uaminifu. Biashara ya vimondo vya jangwani ni kubwa. Katika miji ya Erfoud na Rissani kusini mwa Morocco, mawe yaliyookotwa na wafugaji wanaohamahama huuzwa, kuuzwa tena, kuvuka mipaka, na hatimaye kusajiliwa kwa herufi NWA na namba, maana yake yametoka mahali fulani Kaskazini Magharibi mwa Afrika, usiulize zaidi. Namba hizo zimeshapita elfu kumi. Jiwe la Mirihi lililoanguka Tissint, Morocco, Julai 2011, liliuzwa ghali kuliko dhahabu kwa gramu, na Makumbusho ya Historia ya Asili ya London ikanunua pande la zaidi ya kilo moja. Siwezi kumlaumu mfugaji anayeinama kuokota kitu kitakachomlipia karo ya mtoto, na bila macho yake sayansi ingekuwa maskini sana. Hata katika kisa hiki, soko ndilo lililoleta mshangao wa kwanza.

Ila jiwe la soko linakuja bila anwani. Unaweza kujua limeundwa na nini, umri wake, hata miaka mingapi lilielea angani, ambayo kwa Almahata Sitta ni karibu milioni 20. Huwezi kujua lilikuwa wapi ndani ya asteroidi, wala jirani yake alikuwa nani. Oman waliliona hili mapema: tangu 2001 mradi wa pamoja wa Omani na Uswisi umekuwa ukikusanya vimondo vya majangwa ya huko kwa kuandika mahali pa kila kimoja. Kwa Sudan, anwani zimo katika daftari la wanafunzi wa Khartoum.

Thamani yake ilidhihirika polepole. Kwa miaka kadhaa watafiti, Cyrena Goodrich akiwa miongoni mwao, walichukua vipande vya mkusanyo wa Khartoum, wakaviainisha kimoja kimoja, wakavirudisha kwenye ramani. Aina mbalimbali za mawe zilionekana kutawanyika bila mpango: hapa ureilaiti, pale kondraiti, hakuna aina iliyojitenga upande wake. Hii inaonyesha kwamba mseto ulikuwa umechanganyika vizuri ndani ya asteroidi yenyewe. Kisha mwaka 2022 Jenniskens na wenzake walikwenda mbali zaidi. Mwanga wa 2008 TC3 ulipokuwa angani ulipwesa kwa mdundo uliojulikana, kwa sababu jiwe lilikuwa linabiringika hovyo, mzunguko mmoja chini ya dakika mbili. Kutokana na mdundo huo umbo lake liliweza kuundwa upya na hata kukadiriwa lilikuwa limekaaje sekunde lilipoingia angahewa. Wakaigiza mlipuko kwa kompyuta, wakalinganisha na mahali vipande vilipolala. Jibu: vingi vilivyopona vilitoka nyuma ya asteroidi, upande wa chini. Sehemu ya mbele ilikabiliana na hewa, ikasagika, na nyuma yake ikajitokeza nafasi tupu iliyovikinga vipande vya mwisho kwa muda mfupi. Tembea tena juu ya sentensi hiyo. Watu wanasema jiwe lililookotwa kwenye mchanga lilikuwa upande gani wa kitu ambacho hakipo tena.

Chuo Kikuu cha Khartoum, ambacho wanafunzi wake waliandika daftari hilo, kimo katikati ya jiji lililogeuka uwanja wa vita kuanzia Aprili 2023.

*

Isidhaniwe kwamba ukishakuwa na anwani ubishi unakwisha. Mwaka 2018 Farhang Nabiei, Philippe Gillet na wenzao wa Lausanne, Uswisi, walitangaza kwamba ndani ya almasi za Almahata Sitta wameona vijichembe vya madini ambavyo haviwezi kuundwa ila kwa shinikizo kubwa mno, zaidi ya gigapaskali 20. Kwa maoni yao almasi hizo zilikua polepole ndani kabisa ya sayari changa yenye ukubwa kati ya Zebaki na Mirihi, sayari iliyovunjika na kupotea. Habari hiyo ilizunguka dunia nzima, na si ajabu: sayari iliyopotea ni habari tamu. Miaka miwili baadaye Fabrizio Nestola wa Padova, Italia, na timu yake wakachunguza ureilaiti, vikiwemo vya Almahata Sitta, wakakuta almasi kubwa na ndogo zikiwa pamoja na grafaiti kwa namna inayoelezeka vizuri zaidi kwa kishindo cha mgongano, chuma kilichoyeyuka kikisaidia kaboni kugeuka. Sayari kubwa haihitajiki. Mimi naegemea upande wa Nestola, kwa kuwa maelezo yake hayaombi kitu ambacho hatuna ushahidi mwingine wa kuwapo kwake; lakini mlango haujafungwa.

Kuna dai jingine la ukubwa, na hili limesimama imara zaidi. Vicky Hamilton wa Southwest Research Institute, Colorado, alipewa miligramu 50 za kipande kiitwacho AhS 202. Humo aliona madini ya amfiboli, ambayo huhitaji maji, joto na shinikizo kwa muda mrefu. Kimondo cha kaboni chenye madini hayo lazima kilitoka katika asteroidi yenye kipenyo cha kilomita 640 hadi 1,800, yaani kitu cha jamii ya asteroidi kubwa ya Ceres. Miligramu hamsini ni chini ya punje tatu za mchele.

Baada ya 2008 TC3, asteroidi nyingine kadhaa zimeonwa kabla ya kuanguka, na iliyofuata kuacha mawe mikononi mwa watu ilikuwa tena ya Afrika, na tena ya jangwani. Tarehe 2 Juni 2018 Kowalski yuleyule, kwa darubini ya mradi uleule, aliiona 2018 LA saa nane hivi kabla haijawaka juu ya Botswana. Safari hii mashahidi walikuwa kamera za ulinzi, na uwanja ulikuwa Hifadhi ya Wanyama ya Kalahari ya Kati, ambako wanaotafuta mawe walilindwa na askari wa wanyamapori kwa ajili ya simba. Majani ya Kalahari si mchanga wa Nubia. Jiwe jeusi linajificha humo kirahisi, na kinyesi cha mnyama kinalifanana. Walitafuta siku kadhaa bila kitu. Siku ya mwisho ya safari hiyo, Juni 23, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Sayansi na Teknolojia cha Botswana aliokota la kwanza, gramu 18. Baadaye yalifika 23, yakaitwa Motopi Pan kwa jina la kidimbwi cha maji kilicho karibu.

Mawe hayo ni ya jamii inayotoka Vesta, asteroidi kubwa ambayo chombo cha Dawn kiliichorea ramani mwaka 2011 na 2012. Muda yaliokaa angani ni karibu miaka milioni 22. Watafiti wakafungua ramani ya Dawn, wakatafuta shimo la mgongano lenye umri huo, na mojawapo ya yale waliyoyataja ni shimo liitwalo Rubria. Kwa 2008 TC3 bado hakuna shimo la kutaja: ile asteroidi mama ya ureilaiti haiko tena, na watoto wake wamezagaa kati ya Mirihi na Mshtarii, wakingoja mtu wa kulinganisha mwanga wao na mawe ya Kituo cha Sita.